Mkono Dirishani

Dirisha la Hemedi katika ofisi ya vitambulisho lilikuwa la kioo cheusi kisichoonyesha sura za watu wa nje, na chini yake palikuwa na uwazi wa kupitishia fomu. Asubuhi hiyo mtambo ulikuwa umekwama mara mbili, na mkuu wake alikuwa amemgombeza mbele ya wenzake. Fomu ikapenyezwa. Akaitupia jicho, akairudisha.

"Haina muhuri wa mtaa. Rudi kesho!"

Aliyekuwa nje akajibu kitu, lakini zogo la watu likaimeza sauti yake. Hemedi akainama kwa hasira ili asikie.

"Upo nyuma ya karatasi, baba. Hata jana uliniambia hivyo hivyo."

Mkono ulioshika fomu ulikuwa na kovu la mafuta ya moto kwenye kidole gumba. Ndio uliompikia uji alfajiri ile.

Akatoka mbio. Mama yake alikuwa amesimama peku, viatu mkononi, miguu imevimba.

"Mama! Mbona hukuniambia nyumbani?"

"Kila jioni unalalamika kuwa ndugu wanakusumbua uwapitishie fomu zao ofisini. Nikaona nipange foleni kama wenzangu. Leo siku ya nne."

Hemedi akamshika mkono amwingize ndani, lakini mama akajitoa taratibu.

"Na hawa je?" akauliza.

Foleni nzima ilikuwa ikimtazama Hemedi, kila mtu na fomu yake mkononi.