Watoto wa Tausi

Siku hizo sheria haikuruhusu mbwa apandishwe na ndugu yake, hata wa mbali. Kompyuta ya wilaya ndiyo iliyochagua dume wa damu ngeni kwa kila jike. Atupele aliichukia sheria hiyo. Mbwa wake, Tausi, alitokana na ukoo ambao marehemu baba yake Atupele aliuzalisha ndani kwa ndani, binti kwa babu, ili wote wawe na pua fupi na sura ileile ya mbwa aliyempenda ujanani. Watoto wa uzao uliopita walikufa wote wakihangaika kuvuta pumzi, lakini hilo Atupele hakupenda kulizungumza.

Tausi akapewa dume wa miguu mirefu kutoka Mbarali. Uchungu ulipomshika, Atupele alipiga magoti jikoni kando ya daktari wa mifugo, binti aitwaye Lusekelo.

"Wako wanne, mama," Lusekelo alisema hatimaye. "Wote wanapumua vizuri. Sikiliza, hata hawakoromi."

Atupele alisikiliza, kisha akalia kwa furaha mpaka akaona haya.

Lusekelo alipokwisha kwenda, Ambakisye alimkuta mkewe Atupele bado yuko sakafuni, akimwinua mtoto mmoja mmoja na kumgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha, akiikagua pua.

"Unatafuta nini tena, mama Neema? Si wazima wote?"

"Wazima kabisa. Sitafuti kitu," alijibu, akamwinua wa mwisho.