Kibanio cha Tisa

Uzi wa plastiki ulifumuka kwenye rili ukajifunga fundo, na mashine ya kuchapa vitu vya plastiki ikakwama, kiganja cha bandia alichoagiza seremala kikiwa nusu. Ilikuwa mara ya tatu. Mwanaheri akaanza kubuni kibanio cha kuushikilia uzi ukingoni mwa rili.

"Shemeji, si ufunge mpira tu, kama fungu la mchicha?" alicheka Kihampa, ambaye naye alikuwa na mashine kama hiyo.

"Mpira unaoza. Kaa utazame."

Kibanio cha tisa kilishika. Kihampa alirudi, akaitikisa rili, akaibinua, akaiangusha sakafuni. Uzi haukucheza.

"Nichapie na mimi."

"Omba vizuri," alisema Mwanaheri, akakianza kiganja upya.

Kibanio kilimgharimu siku nne, vibanio vinane vilivyovunjika, na ukucha wa kidole gumba.