Mawe Chini ya Majani

Jembe la Vestina liligonga jiwe, na kitongoji kizima kikasogea kutazama.

Mwenye shamba jipya la parachichi alikuwa ameziba kwa seng'enge njia yao ya kuvukia mto kwenda zahanati, akidai hapo hapakuwahi kuwa na njia. Tangu hapo wajawazito walizunguka mlima mzima. Leo baraza la ardhi la kata lilikuja kujionea, lakini ramani haikuonyesha kitu.

"Bibi, hapa ni majani matupu," mwenyekiti wa baraza alimwambia.

"Subiri kidogo, baba."

Vestina alipiga magoti, akafukua udongo kwa vidole. Jiwe lilitokea, bapa, limelika katikati kwa kukanyagwa. Mbele yake likatokea la pili, kisha la tatu, yamepangwa kama ngazi kushukia mtoni.

"Tuliyapanga sisi wanawake," alisema, "tukibeba maua ya pareto kwenda kuuza. Mimi nilikuwa na mwanangu wa kwanza mgongoni."

Mwenyekiti alivua kiatu, akaweka unyayo kwenye kile kibonde cha jiwe. Uliingia sawasawa.

"Hii ni njia," alisema. "Fungueni!"

Vigelegele vilisikika hadi ng'ambo. Vijana walikimbilia koleo za kukatia seng'enge. Vestina alisimama, magoti yamejaa udongo, na waya wa mwisho ulipokatika akamshika mkono binti mjamzito aliyejibanza nyuma ya wote.

"Pita wewe kwanza, mwanangu."