Miwani ya Semeni

Mwalimu Mwanahawa aliishika miwani iliyovunjika, akawatazama wasichana wawili waliosimama mbele ya meza yake.

"Tausi amenisukuma, mwalimu," alisema Semeni, ambaye bila miwani huona ukungu mtupu.

"Amejikwaa mwenyewe," alisema Tausi. "Mimi nilikuwa namdaka asianguke."

Wote wawili walikuwa wakilia. Mwalimu alikwisha kuliuliza darasa zima. Nusu waliapa hivi, nusu vile. Mwalimu alitafuta neno la haki, asilipate.

"Haya, nendeni nyumbani," alisema mwishowe.

Mlangoni, penye ngazi, Semeni alisita. Tausi akamnyooshea mkono. Semeni akageuka kumwangalia mwalimu, na mwalimu hakujua amwambie aushike au asiushike.