Ganda la Konokono

Siafu maofisa waliokuwa wakisomea shahada ya uzamili ya vita walibakiza mtihani mmoja: kuwafikisha askari wenye kiu kwenye maji. Wakashika njia, kila mmoja akinusa nyayo za aliye mbele yake.

Kapteni Chelea, aliyeogopa kukosea kuliko kufa, akasita.

"Afande, ganda hili la konokono tumelipita mara tatu."

"Umekuja kusoma au kuhesabu maganda?" akafoka mkufunzi wao, Brigedia Kifua, aliyeongoza mstari. "Fuata wa mbele!"

"Na wewe unamfuata nani, afande?"

Brigedia akanyoosha kipapasio, akamgusa mgongoni mpishi, aliyekuwa wa mwisho kabisa mstarini.

"Tunazunguka," akanong'ona. "Kapteni, tuongoze."

Chelea akatoka mstarini, akafuata harufu ya unyevu hadi mtoni.

Askari walipokwisha kunywa, Brigedia akamuuliza lini ataanza kufundisha.