Kishikio cha Mlango wa Tatu

Kishikio cha shaba cha mlango wa tatu kilikuwa kimeinama. Vingine vyote vya behewa lile vimelala sawasawa, ndiyo dalili ya mlango uliofungwa.

Emrys, gadi wa kujitolea kwenye treni ile ya zamani ya mvuke huko Wales, alikuwa na bendera ya kijani mkononi, nyekundu kaibana kwapani. Angekwenda kuusukuma mlango, lakini mkaguzi wa usalama alikuwa amechungulia dirisha la behewa la mbele, anamtazama yeye. Akishtukia, ataagiza vitasa vya umeme milango yote, na kwa gharama ile reli itakufa.

"Leo tusiumbuke, jamani," mwenyekiti wa wanaojitolea alikuwa amewasihi asubuhi.

Mle ndani, mama mmoja kauegemea mlango huo kwa bega, anamkatia mumewe keki.

"Vipi, mzee, umelala?" dereva akapaza sauti. "Daraja tunaloliendea halitatufuata hapa!"

Labda ni macho yangu tu, Emrys akajiambia. Uzee huu.

Akainua ya kijani.

Treni ikashtuka, ikaanza kwenda. Yule mama akampungia mkono, na kishikio kikashuka tena kidogo.