Bingwa wa Mteremko

Fundi viatu aliingiza kidole kwenye soli, kikatokeza upande wa pili.

"Bingwa, hii ni jozi ya tatu tangu mwaka uanze. Wewe unaendesha baiskeli, au baiskeli ndiyo inakuendesha?"

"Kwenye mteremko napunguza mwendo kwa miguu," alijibu Bingwa.

Fundi alicheka, akachukua sindano. Bingwa hakucheka.

Ukweli ni kwamba hakujua kuendesha baiskeli. Hakuwahi kujua. Miaka thelathini na mmoja iliyopita, akimbembeleza mkunga mmoja mwenye macho ya kucheka, alikosa la kujisifia, akasema kwamba katika ujana wake alikuwa akishindana kwa baiskeli. Uongo ukampatia mke, na baada ya hapo haukuwa na pa kurudi. Aliusimulia kwa watoto. Akausimulia kiwandani kwa wapiga chapa wenzake, kila mwaka akiuongezea mlima mmoja, mpaka wakambandika jina la Bingwa. Siku aliyostaafu walichangishana, wakamnunulia baiskeli ya mbio, nyepesi hata ungeiinua kwa kidole, matairi membamba kama mkanda. Mkewe alipiga makofi kuliko wote.

Basi kila asubuhi alivaa kofia ngumu na kaptura ya kubana, akaaga, akaibeba baiskeli begani kushuka ngazi za mtaani kwao, ambako hata bingwa wa kweli angeibeba. Chini ya ngazi alipita nyuma ya ghala la mbao, na hapo barabara ilizama msituni. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Bingwa ilikuwa kilomita kumi na nne, milima mitupu, na yote aliitembea kwa miguu huku akiikokota baiskeli. Akisikia gari, aliinama kana kwamba anatengeneza mnyororo.

"Shikamoo mzee, tukusaidie?" waendesha baiskeli vijana walimuuliza wakimpita.

"Marahaba. Mnyororo tu, wanangu. Nendeni."

Kitambi kikaisha. Daktari akampongeza. Hakuna aliyeshuku lolote.

Mkewe alikuwa akimpokea kibarazani na maji ya kunywa. Siku moja alipitisha kidole kwenye mnyororo. "Huu umelegea, mzee."

"Umejuaje?"

"Nausikia unavyogonga."

Mkunga ana masikio, Bingwa alijiambia, akaenda kuoga.

Jioni hiyo hiyo mkewe akasema, "Kesho twende wote. Nifundishe kuendesha."

Chai ilimpalia. "Mke wangu, njia ile ni milima mitupu."

"Naijua. Kabla hujanioa nilizalisha vijiji vyote vya kule."

"Basi unajua inavyochosha miguu."

Mkewe alimtazama kidogo, halafu akaendelea kupaka mkate siagi.

Asubuhi waliondoka pamoja. Bingwa aliikokota baiskeli, akasema si uungwana kupanda na kumwacha mkewe akitembea. Mkewe alishukuru. Walipanda taratibu kati ya misonobari, wakizungumza habari za wajukuu, na kwa mara ya kwanza Bingwa aliomba mlima usiishe.

Uliisha. Juu kileleni barabara iligeuka ghafla, ikaanza kuteremka, kona baada ya kona, hadi bondeni kabisa. Hapakuwa na gari wala mtu.

"Nionyeshe wewe kwanza," mkewe alisema.

"Goti," alisema Bingwa.

"Lipi?"

Alishika la kulia, kisha la kushoto. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Miaka thelathini na mmoja inatosha, alijiambia. Bora anicheke hapa msituni kuliko mbele ya watu.

"Mke wangu, kuna jambo nilipaswa kukuambia zamani..."

"Utaniambia nikishajua kuendesha." Tayari alikuwa amekaa kwenye kiti. "Shika huko nyuma."

Akashika. "Tazama mbele! Usitazame gurudumu!" alihimiza, maneno aliyoyasikia kwa mzazi mmoja aliyekuwa akimfundisha mtoto wake uwanjani. Baiskeli iliyumba kama ndama wa siku moja. Bingwa alikimbia nayo, ameuma meno. Barabara ikainama. Kiti kikamponyoka.

"Breki!" alipiga kelele.

"Ipi?" mkewe aliuliza bila kugeuka. "Ya mbele au ya nyuma?"

Bingwa hakujua. Baiskeli ilishika kasi, ikapotea nyuma ya kona ya kwanza.

Alitimua mbio. Akilini alikwisha kumwona amelala chini ya mti, na watoto wakimuuliza: Baba, wewe bingwa mzima, ilikuwaje?

"Ruka!" alilia. "Rukia kwenye nyasi! Mimi sijui! Sijapanda baiskeli hata siku moja maishani mwangu! Nilikudanganya, mama! Nilikudanganya!"

Msitu ulimrudishia kila neno.

Pumzi zilimwishia kwenye ukingo wa barabara. Akashika nguzo, akafumba macho, kisha akajilazimisha kutazama bondeni.

Kwenye kona ya nne mkewe alikuwa amelala upande mmoja pamoja na baiskeli, goti la ndani limetokeza kuelekea lami, akiikata kona bila kupunguza mwendo. Barabara iliponyooka aliketi wima, akaachia usukani, akapeleka mikono yote miwili nyuma ya kichwa na kufunga upya kilemba chake.